"Mama, Bado Tu?": Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Tiba ya Sonona Nyanda za Juu Kusini

Soko la Mwanjelwa,
Mbeya.
10 Oktoba

Kwenu Waheshimiwa,
Wakuu mnaosimamia hospitali, dawa na huduma za afya ya akili,
Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini.

YAH: MGONJWA WA SONONA ANAPOKUNYWA DAWA NA ASIPONE

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Kwa mlionizidi umri, shikamooni. Kwa rika langu na wadogo zangu, poleni na kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 44, nauza mchele wa Kyela na maharage. Naumwa sonona, huu ni mwaka wa sita. Sisemi nina msongo wa mawazo, maana msongo naujua vizuri: mchele umepanda bei, mteja wa mkopo kazima simu, ada inadaiwa. Huo unalala nao, ukiamka umepungua. Hiki kingine hakipungui kwa kulala, na usingizi wenyewe kinauchukua.

Siku niliyojua kwamba kuna kitu kimeharibika, mteja aliniomba kilo tano. Nikachota, nikachota tena, halafu nikasimama na kopo mkononi. Hesabu sikuisahau. Ni mkono tu, ulikataa kuinuka tena, kana kwamba kwenye lile kopo kulikuwa na mchanga wa mtoni. Mteja alidhani nataka kumpunja, akaenda meza ya jirani. Nikabaki nimeinamia gunia, na jambo lililonitisha ni kwamba sikusikia harufu. Mchele wa Kyela! Ule ambao watu wanausikia wakiwa bado mlangoni.

Siku hii ya leo ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Mtakuwa na mabango na fulana. Nimeichagua makusudi, kwa sababu nilishaandika kimyakimya na haikusaidia. Barua yangu ya kwanza niliipeleka masjala ya hospitali niliyokuwa natibiwa, ikagongwa mhuri wa "imepokelewa" tarehe 14 Machi mwaka jana. Ya pili ikagongwa 2 Juni. Kati ya hizo mbili nilitumbukiza karatasi tatu kwenye sanduku la maoni, lile lenye kufuli lililoota kutu, na mara ya tatu nilisikia karatasi yangu inaangukia juu ya karatasi nyingine. Lilikuwa limejaa. Hospitali siitaji jina, na ofisi zenu sizitaji. Anayehusika anajijua, na asiyehusika namwomba asome tu, kesho inaweza kuwa kwake.

Hesabu za dawa zilizomo humu nimesaidiwa na mwanangu wa kwanza, anasoma uuguzi. Maneno ni yangu.

1. Dozi ambayo haikufika

Nina kaunta buku. Mbele ni madeni ya mchele, nyuma ni madeni ya mwili wangu: dawa gani, kiasi gani, tangu lini. Mfanyabiashara asiyeandika hufilisika, ndivyo alivyonifundisha marehemu baba, na ndivyo nilivyojikuta nina ushahidi bila kuutafuta.

Ukurasa wa kwanza wa nyuma unasema: amitriptilini miligramu 25, kidonge kimoja usiku. Ukurasa wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo. Miezi 22, kidonge kimoja usiku. Kila Jumatano ya kliniki nilikaa kwenye benchi kuanzia saa moja asubuhi, nikiingia ndani nakaa dakika nne au tano, naulizwa swali moja: "Mama, bado tu?" Nikijibu bado, kalamu inaandika vilevile. Mdomo ulinikauka, choo kikawa kigumu, uzito ukapanda kilo tisa. Moyo ukabaki palepale.

Baadaye sana nilionwa na daktari bingwa Dar es Salaam. Alisoma kaunta buku yangu ukurasa kwa ukurasa, kidole kikishuka na mstari kama mtu anayekagua stoo. Akaniambia kwamba miligramu 25 ni mahali pa kuanzia tu, au hutolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kwa usingizi. Kwa sonona ya mtu mzima, dozi hupandishwa polepole hadi 75, mara nyingi hadi 150, kwa kuangalia moyo na umri. Mimi sikuwahi kupandishwa hata hatua moja. Waheshimiwa, huko ni kumpimia mtu robo kilo kila siku, kisha ukamwuliza kwa nini debe lake halijai.

Sisemi daktari wangu wa hapa alikuwa mbaya. Jumatano moja nilihesabu wagonjwa 61 kwenye mabenchi, na yeye alikuwa mmoja, na saa nane mchana bado hajanywa hata chai. Lakini dozi haipandi kwa huruma.

2. Dirisha la dawa

Nikabadilishiwa, nikapewa fluoksetini. Dawa hii si panadoli. Inataka wiki nne, sita, wengine nane ndipo ujue kama inafanya kazi, na inataka kila siku. Katika miezi tisa, kaunta buku inaonyesha mara nne nimeandika "dirishani hakuna, kanunue nje." Mara mbili nilinunua. Mara mbili fedha ilikuwa ya mchele au ya ada, nikasema nitavumilia hadi mwezi ujao. Halafu mwezi ujao ukafika, wakaniandikia kwamba fluoksetini imeshindwa. Imeshindwaje, na haikupewa nafasi?

3. Neno "sugu"

Baada ya hapo likaingia neno hilo kwenye faili langu, na kutoka kwenye faili likatoka hadi nyumbani.

Neno lenyewe lina maana yake, na nimejifunza kuiheshimu. Mabingwa husema sonona ni sugu, yaani haisikii dawa, pale mgonjwa alipotumia angalau dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi kamili na kwa muda wa kutosha, akazimeza kweli, na bado hakupata nafuu. Masharti hayo yote. Kwangu hayakuwa yametimia, dozi ya kwanza ilikuwa ya kuanzia tu na dawa ya pili ilikatika mara mbili, lakini neno niliandikiwa.

Na watu ambao dawa ya kwanza haiwaponyi si viumbe wa ajabu. Utafiti mkubwa wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulifuatilia watu wapatao 4,000 kwa hatua nne za matibabu. Kwa dawa ya kwanza, aliyepona kabisa ni kama mmoja kati ya watatu. Wengine wakahamishiwa hatua ya pili, ya tatu, ya nne, na kila hatua waliopona walipungua, ila hakuna hatua ambayo hakupona mtu. Ndiyo kusema wengi wetu tunahitaji hatua ya pili. Hapa kwetu hatua ya pili niliyoiona ni ile ya kuvuka mlango kurudi nyumbani.

Huko nyumbani, mama mkwe wangu, ambaye ananipenda na simfichi, aliposikia nimeandikiwa kwamba dawa hazinisikii, alisema basi si ugonjwa wa hospitali. Akaniletea mtu wa kunipunga pepo. Wifi yangu, yeye ni wa maombi, akanipeleka mkesha, siku tatu, ikasemwa pepo lina mizizi. Mimi ni Mmoraviani, naomba asubuhi na jioni, sina ugomvi na maombi. Nina ugomvi na faili lililowapa ruhusa ya kuacha kunipeleka hospitali. Mgonjwa haulizwi uji, na mimi sikuulizwa. Nilikuwa nimelala, wanajadiliana mlangoni kwamba hospitali imeshindwa.

4. Vipimo ambavyo havikufanyika

Hapa nawaomba mkae nami kidogo, maana hili ni letu watu wa nyanda za juu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo. Mama yangu pia, dogo, analifunika kwa kitenge. Wa umri wangu mnakumbuka: tulipangwa mstari shuleni tukapewa vidonge vya mafuta yenye madini joto, tukikunja nyuso, na baadaye ikaja chumvi yenye madini joto madukani. Serikali ilifanya hivyo kwa sababu milima hii ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizokuwa na rovu nyingi nchini. Kila mganga aliyesoma hapa analijua hilo.

Sasa, tezi ya shingo ikilegea, mtu huchoka, hunenepa, huhisi baridi kuliko wenzake, hupoteza hamu ya kila kitu na mawazo yake huwa mazito. Kwa macho ni sonona tupu. Na ukimpa dawa za sonona bila kuitibu tezi, dawa zinaweza zisifue dafu. Mkoa gani wa nchi hii ungepaswa kukumbuka tezi mapema kuliko wetu? Kwa miaka mitatu na nusu hakuna aliyenishika shingo, wala kuuliza habari za mama yangu.

Mimi nilipopimwa Dar es Salaam, tezi yangu ilikuwa salama. Kwa hiyo sidai kwamba huko ndiko ulikokuwa ugonjwa wangu. Lakini nilikuwa nakaa benchi moja na mama mmoja wa Uporoto, muuza viazi, ambaye mwezi Julai alikuwa anakuja na makoti mawili na bado anatetemeka. Yeye naye alikuwa "sugu". Mtoto wake alimpeleka akapimwe kwa fedha yake, ikaonekana tezi iko chini kabisa. Alipewa dawa ya tezi. Miezi mitano baadaye nilimkuta Mwanjelwa anagombana na kuli kuhusu gunia, nikafurahi hadi nikaona haya.

Kuna mengine hayaulizwi. Hakuna aliyeniuliza kama niliwahi kuwa na wiki za kuchangamka kupita kiasi, kutolala na kutumia fedha ovyo, ingawa mwenye hali hiyo ana ugonjwa mwingine na dawa za sonona peke yake zinaweza kumharibu. Hakuna anayewauliza kinababa kwa upole kuhusu pombe, ulanzi na komoni. Na katika mikoa hii, ambako Njombe peke yake utafiti wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya VVU asilimia 12.7 ya watu wazima, wako wengi wanaobeba magonjwa mawili kwa pamoja, hii kliniki haijui ile inampa nini. Dawa ya zamani ya VVU, efavirenzi, ilikuwa inawavuruga baadhi ya watu akili na usingizi. Wengi wamehamishiwa dolutegraviri, ni jambo jema, lakini kuuliza "unatumia dawa gani nyingine?" hakugharimu kitu.

5. Basi la usiku na damu ya saa kumi na mbili

Bingwa yule alianza upya, taratibu. Nilikaa kwa mdogo wangu Mbagala. Fluoksetini miligramu 20, kisha 40, wiki nane bila kukosa siku: hakuna kitu. Akaiondoa, akarudi kwenye amitriptilini, safari hii akaipandisha hadi 150 huku akipima moyo: nikapata usingizi, basi. Hapo ndipo aliposema, sasa tunaweza kusema zimekataa kweli. Alilisema bila kunilaumu, na ilikuwa mara ya kwanza neno hilo halikunichoma.

Kisha akaongeza lithiamu juu yake. Ni dawa ya zamani, inatokana na madini, na tangu miaka ya 1980 madaktari wameitumia kuisukuma dawa ya sonona iliyokwama. Lakini ni dawa ya mizani. Ikipungua haifanyi kazi, ikizidi ni sumu, na kati ya hivyo viwili nafasi ni nyembamba. Ndiyo maana damu lazima ipimwe, kila wiki mwanzoni, baadaye kila miezi mitatu, pamoja na figo, pamoja na ile tezi niliyoisema, kwa sababu lithiamu yenyewe inaweza kuilegeza.

Wiki ya tano, asubuhi, mdogo wangu alikuwa anapika wali wa mchele niliomletea kutoka Kyela. Nikasikia harufu. Sikumwambia. Nilikwenda uani nikasimama pale karibu na pipa la maji mpaka aliponiita kula.

Sijapona. Niseme nimepata nusu, na nusu kwa mtu aliyekuwa na sifuri ni mali.

Sasa nusu hiyo naitunza hivi. Maabara niliyoelekezwa hapa Mbeya walinijibu kipimo cha lithiamu hawana. Kwa hiyo kila miezi mitatu napanda basi la saa kumi na moja jioni. Damu inatakiwa itolewe zikiwa zimepita saa kumi na mbili kamili tangu dozi ya mwisho, kwa hiyo kidonge nakimeza saa mbili usiku, basi likiwa halijafika Makambako au limeshapita, kutegemea foleni ya malori. Nakimeza gizani kwa maji kidogo sana, maana dereva hasimami kwa ajili ya mtu mmoja, nayo dawa inataka maji mengi. Mlima Kitonga tunauteremka usiku wa manane. Saa mbili asubuhi nakuwa mbele ya maabara Dar es Salaam na mkono wazi, miguu imevimba. Wanajaza kichupa kimoja. Kilomita zaidi ya mia nane, zaidi ya laki moja ya nauli kwenda na kurudi, meza imefungwa siku tatu, kwa kichupa kimoja cha damu.

Wenzangu wawili wa benchi walioandikiwa dawa hiyo hiyo wameiacha. Hawakuacha kwa ukaidi. Mmoja ni wa Ileje, safari yake ni ndefu kuliko yangu.

6. Mazungumzo

Miaka yote hiyo hakuna aliyekaa nami nikazungumza. Nimeambiwa washauri hawapo, na bingwa hawezi kukaa saa nzima na mtu mmoja. Sawa. Lakini jirani zetu Uganda, kwenye vijiji 30 vya Rakai na Masaka, walijaribu kuwakusanya wenye sonona kwenye vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na waliokuwa kwenye vikundi walipungukiwa na ugonjwa kwa kiasi kikubwa kuliko vijiji vingine. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wakae na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti wao wa 2016 ulionyesha linafaa. Benchi, Waheshimiwa. Mabenchi tunayo. Tunayakalia kutwa bila kusemezana.

7. Polisi

Hili nitalisema kwa ufupi. Mwaka wa tatu nilifika mahali ambapo sitapaeleza. Baba watoto alinikuta mapema, Mungu alikuwepo. Lakini alichelewa zaidi ya saa moja kunipeleka hospitali kwa kuogopa fomu ya polisi, kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Sheria hamkuitunga nyinyi. Lugha ya pale mapokezi ni yenu, na aliyepokelewa kwa "kwa nini umefanya ujinga huu?" harudi tena kusema ukweli.

Najua mtakayosema.

Mtasema bajeti. Amitriptilini ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1961, fluoksetini mwishoni mwa miaka ya 1980, hakuna anayezimiliki tena peke yake, na zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lithiamu nayo imo. Sijawaomba dawa ya mabilionea. Kuna hii ketamini ambayo vyumba vya upasuaji vya wilaya vinaitumia kila siku kulaza wagonjwa, na tangu mwaka 2000 watafiti wameonyesha kwamba kwa dozi ndogo inaweza kuinua sonona ndani ya saa chache. Ndugu yake, esketamini ya kupuliza puani, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa wagonjwa wa aina yangu. Nafuu yake mara nyingi haidumu, inapandisha presha na ina hatari ya uraibu. Siwaambii muigawe dirishani. Nawaambia mabingwa wetu wakae waijadili, wakajadili na tiba ya umeme, ile iliyoanza Roma mwaka 1938 na ambayo siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mama mkwe akisikia neno umeme anafunga mlango. Mimi ningependa angalau niulizwe.

Mtasema wagonjwa hatumezi dawa. Wapo. Nendeni nao hadi dirishani kwanza, mkaone jibu wanalopewa.

Mtasema mabingwa ni wachache. Hilo ni kweli na sina la kujibu, isipokuwa kwamba kupandisha dozi kutoka 25 hadi 50 hakuhitaji bingwa. Kunahitaji daktari au muuguzi aliyefundishwa na karatasi inayosema wiki ya ngapi uamue nini. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa namna hiyo kwa vituo visivyo na mabingwa, tangu mwaka 2010.

Mtasema Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 italeta nafuu. Inshallah. Ila bima hulipia kilichopo, na kipimo ambacho maabara haina, bima italipia nini?

Ninachoomba, basi, ni hiki. Kila faili la mgonjwa wa sonona liwe na karatasi moja mbele: dawa, dozi, tarehe ya kuanza, siku zilizokosekana na sababu yake, na alama za ile fomu ya maswali tisa, ambayo kwa Kiswahili ipo na hujazwa kwa dakika tano. Asiandikwe mtu kwamba hasikii dawa kabla karatasi hiyo haijasomwa na watu wawili, na kabla tezi, damu na dawa zake nyingine hazijaangaliwa. Dawa mbili za sonona zisikosekane dirishani, na zikikosekana, tangazo libandikwe ili tusipande daladala bure kutoka Igawilo na Mbalizi. Maabara moja, moja tu, katika kanda nzima hii ipime lithiamu. Iwe Mbeya, iwe Iringa, nitakwenda. Na Jumatano moja kwa mwezi mtupe chumba na muuguzi mmoja, kikundi tutakiunda wenyewe, chai nitaleta mimi.

Na wewe mgonjwa mwenzangu unayesoma hapa, usiache dawa yako kwa sababu ya barua yangu. Ichukue, andika tarehe, kisha waulize.

Sihitaji kuombwa radhi. Nahitaji jibu la maandishi ndani ya siku 30. Kama hamtaki kuniandikia mimi, libandikeni kwenye ubao wa matangazo pale karibu na dirisha la dawa. Nitakuwepo kila Jumatano kuanzia saa moja, isipokuwa wiki ya pili ya Desemba. Wiki hiyo nitakuwa kwenye basi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuza mchele, Mwanjelwa

Nakala: Sanduku la maoni (kama limefunguliwa).